Utumbo wa Mtoto Njiti Ndani ya Kompyuta

Mtoto njiti anaweza kuwa anaendelea vizuri, akiongezeka uzito, kisha tumbo likavimba ghafla na choo kikatoka na damu. Mara nyingi ni NEC, ugonjwa unaoua tishu za utumbo. Wanahisabati nao sasa wanausaka.

Nani yuko hatarini?

Hasa watoto waliozaliwa kabla ya wakati wakiwa na chini ya gramu 1,500. Utumbo wao haujakomaa: ukuta wake huvuja, na kinga hushtuka kupita kiasi inapokutana na bakteria. Kati ya wanaougua, 20 hadi 30 katika kila 100 hufariki.

Kompyuta inaingiaje hapo?

Hakuna daktari anayethubutu kumjaribishia mtoto wa gramu 900 kila wazo jipya. Mwaka 2010 Julia Arciero, Yoram Vodovotz na wenzao nchini Marekani walichapisha katika jarida la PLoS ONE kielelezo cha hisabati cha ugonjwa huu. Milinganyo yake hufuatilia bakteria waharibifu, bakteria rafiki, uvujaji wa ukuta wa utumbo na ukali wa mwitikio wa kinga. Mtafiti hubadili kipimo kimoja, kisha hutazama kama utumbo unapona au unazidiwa.

Walipata nini?

Bakteria rafiki walirejesha afya katika hali nyingi ambazo zingeishia kwenye ugonjwa, ila wakati wa kumpa mtoto bakteria hao uliamua mengi. Tena, katika mazingira machache mahususi, walidhuru. Onyo hilo lina uzito: mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya njiti aliyepewa bakteria hao kupata maambukizi ya damu na kufariki.

Basi kompyuta iamue matibabu?

Hapana. Kielelezo huacha mengi ya mwili halisi. Faida yake ni kuwaonyesha watafiti swali lipi linastahili kupelekwa maabara, na baadaye wodini.

Mzazi afanye nini?

Akamue maziwa yake mapema. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 ulionyesha kuwa njiti waliolishwa maziwa ya kopo pekee waliugua mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopata ya mama pekee. Maziwa yasipotosha, aulizie ya kuchangiwa. Jijini Nairobi, Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa hayo mwaka 2019. Na mtoto akitapika kijani au tumbo likikaza, muuguzi aitwe papo hapo.