Sauti Moja, Umati Mzima: Fani na Kejeli katika Albamu ya Machozi, Jasho na Damu

1.0 Utangulizi

Mwaka 2001 msanii Joseph Haule, ambaye wapenzi wa muziki humfahamu zaidi kwa lakabu ya Professor Jay, alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, yaani Machozi, Jasho na Damu. Hakuwa mgeni katika uwanja huo. Alikuwa ameshapikwa vya kutosha katika kundi la Hard Blasters, ambalo albamu yake ya Funga Kazi (2000), na hasa wimbo wa "Chemsha Bongo", ilimfanya ajulikane hata kwa wasikilizaji ambao hapo awali waliuona muziki wa kufokafoka kuwa ni mchezo wa watoto wa mjini.

Tangu wakati huo albamu hii imetumiwa zaidi kama ushahidi wa mambo mengine. Anayetaka kueleza hali ya vijana wa Dar es Salaam baada ya mageuzi ya uchumi huitaja. Anayetaka kueleza siasa za vyama vingi huitaja pia. Matumizi hayo ni halali, lakini yana hasara moja: utungo hugeuzwa dirisha la kuchungulia jamii, na dirisha lenyewe halitazamwi. Makala haya yanakusudia kulitazama dirisha. Yanajaribu kujibu maswali mawili. Kwanza, je, tungo za aina hii zina kanuni za kishairi zinazoweza kuelezwa kwa istilahi za uhakiki wa Kiswahili? Pili, msanii anapotoka katika kundi lenye sauti kadhaa na kubaki na sauti yake moja, anaijenga vipi upya ile hali ya majibizano ambayo ni uhai wa sanaa ya jukwaani? Jibu la swali la pili linatafutwa hasa katika wimbo wa "Ndio Mzee".

2.0 Usuli

Muziki wa kufokafoka uliingia Tanzania kwa lugha ya Kiingereza, nao vijana wakaanza kwa kuiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Vanilla Ice wa Marekani na kuutilia maneno ya Kiswahili. Tendo hilo, ingawa lilikuwa la kuazima mdundo, lilithibitisha kwamba lugha inaweza kubeba mtindo huo. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, aliendelea kuonyesha kwamba msikilizaji wa kawaida hushikwa na maneno anayoyaelewa kabla ya kushikwa na mdundo. Kufunguliwa kwa milango ya utangazaji wa binafsi katika kipindi hicho hicho kuliwapa wasanii hao mahali pa kusikika, na kaseti zikawafikisha madukani, katika daladala na vijijini.

Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na mabadiliko ya siasa. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ukafanyika mwaka 1995, wa pili mwaka 2000. Hivyo albamu inayojadiliwa ilitoka wakati majukwaa ya kampeni yalikuwa bado hayajapoa katika kumbukumbu za wasikilizaji. Lugha ya ahadi ilikuwa imesikika kila kona ya nchi, na ilikuwa ikisubiri mtu wa kuidurusu.

3.0 Mdundo na Suala la Mizani

Mjadala kuhusu kiini cha ushairi wa Kiswahili ni wa siku nyingi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliweka vina na mizani kuwa masharti, akalihusisha shairi na kuimbika kwake. Wanamapinduzi wa miaka ya 1970, kama Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), walitunga bila kufungwa na masharti hayo. Nao Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) walitetea msimamo kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Tungo za kufokafoka zinaurudisha mjadala huo kwa sura isiyotarajiwa, kwa sababu haziketi kwa raha upande wowote.

Katika shairi la arudhi lenye mizani 16, kila mshororo hugawanyika katika vipande viwili vya mizani minane minane, na idadi hiyo haibadiliki. Katika muziki wa kufokafoka kisichobadilika ni mapigo. Mstari mmoja wa kawaida huchukua mapigo manne, na msanii ana hiari ya kujaza ndani yake silabi chache alizozivuta au silabi nyingi alizozibana, mradi afike mwisho wa mstari pamoja na mdundo. Kwa maneno mengine, kipimo kipo, lakini kimehamishwa kutoka katika idadi ya silabi na kuwekwa katika muda. Anayeyaandika maneno ya wimbo karatasini, kisha akazihesabu mizani na kuziona zimepishana, amepima kitambaa kwa kibaba.

Suala la vina nalo linahitaji uangalifu. Kina cha arudhi hutosheka na silabi ya mwisho: "kura" na "dira" ni vina halali. Lakini Kiswahili ni lugha ambayo vitenzi vyake vingi huishia na irabu "a", na majina ya mahali huweza kupewa kiambishi "-ni". Kupata mlingano wa silabi ya mwisho si kazi kubwa. Tena, mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ni mkazo huo unaokutana na pigo la ngoma. Kwa hiyo sikio la msikilizaji wa kufokafoka hudai zaidi: hupendelea "kura" ikutane na "sura", au "maji" na "mtaji" na "hitaji", ambapo mlingano huanzia kwenye silabi yenye mkazo. Huo ni urari mgumu zaidi kuliko ule wa arudhi, ingawa hauna ulazima wa kudumu ubeti mzima. Professor Jay ni miongoni mwa wasanii walioonyesha kwamba urari huo unawezekana bila kuivunja sintaksia ya Kiswahili, na matamshi yake ya wazi huuacha usikike.

Aidha, kigezo cha Abedi cha kuimbika, ambacho kimetumiwa mara nyingi dhidi ya ushairi huru, hapa kinageuka kuwa shahidi wa upande mwingine. Utungo wa kufokafoka hauimbwi kwa mahadhi ya shairi, lakini hauwezi kuwepo nje ya sauti. Kwa maana hiyo uko karibu zaidi na utendi uliokusudiwa kughaniwa kuliko shairi huru lililokusudiwa kusomwa kimyakimya.

4.0 Lakabu na Majigambo

Akiwa na Hard Blasters msanii huyu alitumia lakabu ya Nigga Jay, iliyoazimwa moja kwa moja kutoka katika hip hop ya Marekani. Kuhamia katika lakabu ya Professor Jay ni badiliko lenye maana ya kifasihi. Lakabu ya kwanza humweka msanii katika jamii ya weusi wa mbali. Ya pili inamweka mbele ya darasa la nyumbani. Katika nchi ambayo cheo cha profesa hutolewa na taasisi za elimu ya juu kwa taratibu zake, kijana anayejitwalia cheo hicho mtaani anatoa hoja: kwamba kuna elimu nyingine, na kwamba inao walimu wake.

Majigambo ya namna hiyo si mageni katika fasihi za Waafrika. Katika vivugo vya Wahaya anayejigamba hujitungia majina ya sifa na kuyatangaza hadharani. Tofauti ni kwamba mwenye kivugo hutaja ushujaa wa vita, ilhali msanii wa kufokafoka hutaja ujuzi wake wa maneno.

Neno "bongo" nalo linastahili kutajwa. Kwa asili ni ubongo. Katika lugha ya mitaani likawa jina la Dar es Salaam, na baadaye la nchi nzima, kwa maana kwamba huko mtu huishi kwa akili. "Chemsha Bongo" ya wakati wa kundi ilitumia maana ya kwanza, yaani kufikiri. Wimbo wa "Bongo Dar es Salaam" katika albamu ya peke yake unazikutanisha maana zote mbili: jiji la watu wajanja ambamo akili ya mmoja ni hatari kwa mwingine. Hapa msanii ameikuta sitiari iliyokwisha kutungwa na umma, akaizindua kwa kuifuata hadi mwisho wake.

5.0 Kiitikio na Umati katika "Ndio Mzee"

Wimbo wa "Ndio Mzee" ni hotuba ya mgombea jukwaani. Nafsineni ni mwanasiasa anayeomba kura, naye huahidi mambo ya elimu, afya, na usalama kwa mpangilio wa kupanda: ahadi zinaanza karibu na mahitaji halisi ya wananchi, kisha zinavuka mipaka ya akili, hadi wanafunzi wanaahidiwa kwenda kufanya majaribio yao ya sayansi mwezini. Mbinu hiyo ni tashtiti inayojengwa juu ya chuku. Msanii hamshutumu mwanasiasa hata mara moja. Anampa kipaza sauti na kumwacha ajishutumu.

Kila anapouliza, umati humjibu kwa maneno yaliyo katika jina la wimbo. Ni katika kiitikio hicho ambamo uzito wa kazi hii unapatikana, na kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Jambo la kwanza ni historia ya neno lenyewe. Katika chaguzi za rais za mfumo wa chama kimoja, kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, mgombea alikuwa mmoja, na mpiga kura alichagua kati ya "Ndiyo" na "Hapana". Neno hilo, basi, lina kumbukumbu ya sanduku la kura. Likiunganishwa na "mzee", neno la heshima kwa umri na kwa mamlaka, linakuwa jibu ambalo adabu na siasa zimelifunga pamoja, kiasi kwamba kulikataa ni kama kukosa heshima.

Jambo la pili ni uhusiano wa kiitikio hiki na fomyula za fasihi simulizi. Msimulizi anaposema "Paukwa", hadhira hujibu "Pakawa", na kwa jibu hilo hukubali kuingia katika ulimwengu ambamo sungura huzungumza. Ni mkataba wa hiari: wote wanajua kwamba kinachofuata ni ngano. Katika "Ndio Mzee" sura ya mkataba imebaki, lakini upande mmoja haujaambiwa kwamba ni ngano. Kejeli ya wimbo inatokana na pengo hilo.

Jambo la tatu linahusu muktadha wa uwasilishaji, ambao Mulokozi katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (1989) aliupa nafasi ya msingi katika kuzianisha tanzu. Kiitikio cha wimbo hukaribisha hadhira iitikie pamoja na msanii. Wimbo huu unapoimbwa jukwaani, wasikilizaji halisi huchukua nafasi ya umati wa kubuni na kumjibu mgombea kwa furaha ile ile. Kicheko chao kinawageukia wenyewe. Hivyo utungo unaodhaniwa kumlenga mwanasiasa peke yake unamlenga pia mwananchi anayekubali kabla ya kupima. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyesomeshwa zaidi, kama amesikia.

Swali la pili la makala haya linapata jibu hapo. Katika kundi, majibizano hutolewa na wanakundi: mmoja anapokea pale mwenzake alipoishia. Msanii wa peke yake amepoteza wenzake wa kupokezana. Professor Jay ameiziba nafasi hiyo kwa kuifanya hadhira kuwa mhusika.

6.0 Nafsineni na Mtunzi

Miaka 14 baada ya albamu hii, katika uchaguzi wa mwaka 2015, Joseph Haule aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA na kushinda. Alishika kiti hicho hadi mwaka 2020. Tukio hilo limewavutia wengi kuusoma wimbo kwa kurudi nyuma: ama kama utabiri, ama kama kinaya kilichomrudia mtunzi. Usomaji wa aina zote mbili una kasoro moja, nayo ni kuchanganya nafsineni na mtunzi. Mgombea wa "Ndio Mzee" ni kiumbe wa sanaa, na ukweli wa kejeli yake hautegemei mwenendo wa aliyemuumba. Mtunzi angekuwa mbunge hodari au dhaifu, chuku ya mwezini ingebaki vile vile.

Hata hivyo, tukio hilo linamsaidia mhakiki kwa namna nyingine. Linaonyesha kwamba lugha ya jukwaa la muziki na ya jukwaa la siasa zinahitaji stadi zinazokaribiana: kushika umati, kupanga kauli kwa mdundo, kungoja jibu. Mtunzi aliyeweza kuzifichua stadi hizo alikuwa anazo. Kejeli bora hutoka kwa mtu anayeuweza mchezo anaoucheka.

Ni haki pia kutaja upungufu. Pale ambapo msanii katika albamu hii anazungumza kwa nafsi yake kama mwalimu, mafunzo huelekea kutangulia picha, na msikilizaji huambiwa jambo ambalo angeweza kuachiwa aligundue. Ubora wa "Ndio Mzee" unaonekana zaidi kwa kulinganisha: humo mwalimu amenyamaza, na somo limeeleweka.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba tungo za Machozi, Jasho na Damu zina kanuni, ingawa kanuni hizo haziko pale ambapo arudhi imezoea kuzitafuta: kipimo kimo katika mapigo, urari umo katika silabi yenye mkazo, na muundo umo katika majibizano. Kwa sababu hiyo, kuyachapa maneno peke yake na kuyahukumu kama shairi la kitabuni ni kuyadhulumu, na kuyasifu kwa maudhui peke yake ni kuyadhulumu vile vile. Watafiti wanaokusanya tungo za aina hii wanapaswa kuhifadhi sauti pamoja na maandishi, na pale inapowezekana, onyesho pamoja na hadhira yake. Kaseti huchakaa. Umati uliokuwa ukiitikia "Ndio Mzee" umekwisha kuzeeka, na namna ulivyoitikia ni sehemu ya utungo.