Harusi Iliyopangiwa Siku ya Mazishi

Waiyaki na Nyambura, wapenzi katika The River Between, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1965, wametajwa na msomaji mmoja wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, kuwa mfano wa mapenzi yake. Msomaji ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka 32. Anampenda mwanamke wa Igoji, ambaye ana binti wa gredi ya nne. Baba yake fundi, mwenye shamba la kahawa Kianjokoma, ameapa kwamba mwanamke mwenye mtoto wa nje akiletwa nyumbani, kijana hatapata hata hatua moja ya ardhi.

Barua yake kwa Shangazi ni ndefu, na sehemu kubwa ni ukali wa mzee. Shida yenyewe imejificha mwishoni: "Nimemwambia tungoje mzee apumzike, ndipo tuoane. Shangazi, nifanyeje?"

Mzee anayengojwa apumzike bado hujitwika gunia la kahawa hadi kiwandani; barua inakiri hivyo. Mama naye kila Jumamosi humtumia mwanawe maharagwe kwa matatu. Mtu anayekula maharagwe ya nyumba huku akihesabu siku za mwenye nyumba hana haki ya kulalamika kwamba amekosewa heshima. Heshima ameivunja yeye kwanza, na ameivunja kimyakimya, jambo ambalo ni baya kuliko kumjibu baba ana kwa ana.

Hesabu yenyewe pia haikubali. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimpi mtoto fungu lolote katika ardhi ya mzazi aliye hai. Mwenye shamba ana uhuru wa kuandika wosia, na mtoto aliyeachwa nje hubaki na njia ya kuiomba mahakama imfikirie. Asipoacha wosia, mjane hulitumia shamba kwanza, kisha watoto hugawana sawa, mabinti kwa wana. Kwa hiyo harusi hii inahitaji mazishi mawili, na dada zake watakuwa na fungu kama lake. Mwanamke wa Igoji hakuambiwa hayo alipoombwa asubiri.

Kumlinganisha kijana huyu na Waiyaki kunahitaji kusoma riwaya hadi mwisho. Urithi ambao Chege, baba yake Waiyaki, alimwachia mwanawe ulikuwa unabii wa Mugo wa Kibiro na agizo la kwenda Siriana kupata elimu ya wazungu. Joshua, mhubiri wa Makuyu, alikuwa amekwisha kumkana binti yake Muthoni, dada yake Nyambura, na Muthoni akafa. Nyambura alijua basi bei ya kumwasi baba huyo. Hata hivyo, Waiyaki alipokuja kuwaonya kina Joshua na kufukuzwa kwa maneno makali, Nyambura alisimama mbele ya baba yake na kumshika mkono kijana huyo. Ukurasa huo mmoja una ujasiri zaidi kuliko hotuba zote za kitabu. Waiyaki, kwa upande wake, alikawia kusema lililokuwa moyoni. Kabonyi, mpinzani wake, alipomtaka amkane Nyambura mbele ya umati, hakumkana, ila hakupata neno la kujieleza. Wote wawili wakaachwa mikononi mwa Kiama, baraza la kabila. Msomaji wa Dallas amerithi ukimya wa Waiyaki bila mzigo aliokuwa nao Waiyaki. Hakuna Kiama kinachomngoja, ni ekari za kahawa tu.

Shamba la Kianjokoma ni la mzee, naye ana haki ya kulinyima. Ndoa ya mwanamume wa miaka 32 si ya mzee. Aliye na mashine ya kuchomelea, wateja na chumba anacholipia kodi ameshakuwa mwenye mji, na mwenye mji hajengi nyumba yake juu ya kaburi la mtu mwingine. Kuna jambo dogo katika barua lililopitwa haraka mno: jioni binti huketi kwenye karakana na kuandika kazi ya shule juu ya bati la geti, na fundi humsahihishia hesabu. Mtoto huyo humwita baba mbele ya wateja. Yeye naye ameambiwa angoje, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kutoroshana hakufai, kwa kuwa kutamgeuza mwanamke kuwa mwizi machoni pa wakwe. Kuwatuma baba wadogo wakazungumze na mzee kunafaa, mradi ajenda iwe ndoa, shamba lisitajwe. Akikataa, ruracio, yaani kulipa mahari, bado inawezekana: Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatosheka na sehemu ndogo ya mahari katika ndoa ya kimila. Njia ya msajili wa ndoa nayo inahitaji notisi ya siku 21, na idhini ya mzazi wa mtu mzima haimo.

Kabla ya hayo yote, mwanamke wa Igoji aambiwe ukweli wa lile neno la kungoja, na aachiwe nafasi ya kukasirika. Akikubali kuendelea, binti naye atambuliwe waziwazi mbele ya mashahidi. Sheria ileile ya Urithi humhesabu mtoto ambaye mwanamume amemkubali kuwa wake kama mtoto wake, na karakana ya Dallas inaweza kuwa urithi wake halali.