Somo la Kiangazi: Tuitunze Bustani Kabla ya Mvua



Mwezi wa sita umefika. Mvua zimekatika, na vumbi la Kimironko linaingia hadi ndani ya sufuria. Wengi wetu huiacha bustani wakati huu na kungoja mvua ya mwezi wa tisa. Lakini mboga za Novemba hutengenezwa sasa.

Neno la kwanza

Baadhi yetu husema: "Nipande kwa nini, na kesho nitarudi kwetu?" Neno hili limesemwa tangu 1996, na watoto waliobebwa mgongoni mwaka ule leo wana watoto wao. Tusome Yeremia sura ya 29. Nabii aliwaandikia waliohamishwa Babeli wapande bustani na kula mazao yake, ingawa katika barua hiyohiyo aliwaahidi kwamba watarudi. Basi kupanda si kusahau nyumbani. Ni kuwalisha watoto wakati wa kungoja.

Kazi za kiangazi

1. Mboji. Chimba shimo kivulini, kina cha magoti. Weka majani makavu, kisha maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo na udongo. Rudia hivyo hadi lijae, nyunyiza maji, funika kwa majani ya mgomba. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Ukianza Juni, Septemba itakuwa tayari: nyeusi, haina harufu mbaya.

2. Matandazo. Funika udongo kwa nyasi kavu zisizo na mbegu, ili jua lisinyonye maji yote. Usizisogeze hadi kwenye shina, maana shina huoza.

3. Maji. Bidoni moja ina thamani, kwa hiyo mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwenye mizizi, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi usiyatumie.

4. Mbegu. Usichume lengalenga yote. Acha shina moja au mawili yenye afya hadi yakomae, kausha mbegu kivulini, uzihifadhi kwenye chupa kavu iliyofungwa. Maharage ya mbegu yachanganye na majivu makavu kuzuia wadudu.

5. Mifereji. Kigali ni mji wa vilima. Mvua ya kwanza ikikuta udongo mtupu huubeba wote bondeni. Chimba mfereji upande wa juu wa bustani, ukikata mteremko, na urekebishe matuta kabla ya Septemba.

6. Kitalu. Katikati ya Agosti panda mbegu za kabichi na nyanya kivulini. Mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008, kwa hiyo tumia vikopo vilivyotobolewa au magome ya mgomba. Baada ya wiki nne hivi miche itakuwa tayari kuhamishwa.

Kama kiwanja si chako

Wengi wetu tumepanga. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuchimba, ili msigombane baadaye. Asipokubali, jaza gunia udongo na mboji, weka mawe katikati ya kupitisha maji, toboa matundu ubavuni na upande mboga humo. Siku ya kuhama, ng'oa miche, mwaga udongo, kunja gunia, uende nalo.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni mboga gani tunanunua sokoni kila wiki ambayo tungeweza kuipanda?
2. Nani kati ya watoto atageuza mboji, na nani atamwagilia?
3. Ni jirani gani, Mnyarwanda au mkimbizi mwenzetu, tutamgawia mbegu?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.