Pikapu Kusukumwa na Magurudumu Manne: Kanuni, Masharti na Gharama za Mabadiliko

Masika yanapoingia, barabara nyingi za udongo katika Afrika Mashariki hubadilika kwa muda wa saa chache. Katika nyanda zenye udongo mweusi wa mbuga, kama zile za Usukuma, ardhi iliyokuwa ngumu na yenye nyufa wakati wa kiangazi hunywa maji, huvimba, na kuwa tope la kunata na kuteleza. Pikapu iliyopeleka mbolea kijijini asubuhi huenda ikashindwa kurudi jioni ikiwa na mgonjwa. Si ajabu, basi, kwamba wenye pikapu za kawaida, ambazo husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, huwaendea mafundi na kuuliza kama gari lao laweza kufanywa lisukumwe na magurudumu yote manne.

Jambo hili lawezekana, na limekwisha kufanywa na watu wengi. Hata hivyo, gari lililobadilishwa bila hesabu laweza kuvunjika njiani au kuua. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni ya kazi hii, masharti ambayo fundi hana budi kuyatimiza, na hali ambazo ni busara kutoifanya.

Kwa nini gari hukwama

Gari haliendi kwa nguvu ya injini peke yake. Nguvu hiyo lazima ifikishwe ardhini kwa njia ya tairi, na kila tairi lina kikomo chake. Kikomo hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito unaolikalia tairi kwa kipimo cha mshiko baina ya mpira na ardhi. Juu ya lami kavu kipimo hicho hukaribia 0.8, juu ya tope linaloteleza huweza kushuka hadi 0.2 au chini zaidi. Injini ikizidisha nguvu kupita kikomo, gurudumu huzunguka mahali pamoja na kuchimba shimo.

Tuchukue mfano wa pikapu tupu yenye uzito wa kilo 1,200. Kwa kuwa injini iko mbele, tuseme kilo 720 hukaa juu ya magurudumu ya mbele na kilo 480 juu ya yale ya nyuma. Katika tope lenye kipimo cha mshiko cha 0.2, magurudumu ya nyuma yaweza kusukuma kwa kani ya kilo 96 tu, yaani 480 mara 0.2. Lakini tope lenyewe huyazuia magurudumu yasiviringike. Tukikadiria kizuizi hicho kuwa asilimia 8 ya uzito wote, tunapata kilo 96. Kani yote imemezwa na tope, na gari haliwezi kupanda hata kilima kidogo.

Magurudumu yote manne yakisukuma, uzito wote wa kilo 1,200 hutumika, na kani huwa kilo 240. Tukiondoa kilo 96 za kizuizi, hubaki kilo 144. Kani hiyo yatosha kupanda mwinuko wa mita 12 kwa kila mita 100 za mwendo. Injini haikuongezewa nguvu hata kidogo. Kilichoongezeka ni ile sehemu ya uzito wa gari inayofanya kazi ya kusukuma.

Hesabu hiyo hiyo hueleza jambo ambalo madereva wengi wamelishuhudia, nalo ni kwamba pikapu tupu hukwama upesi kuliko iliyopakiwa. Tukiweka mzigo wa kilo 800, ambao kilo 720 zake zaangukia nyuma, magurudumu ya nyuma hubeba kilo 1,200 na husukuma kwa kilo 240. Kizuizi huwa kilo 160, na kani inayosalia ya kilo 80 huweza kulipandisha gari la kilo 2,000 mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100.

Waliotangulia katika kazi hii

Nchini Marekani kampuni ya Marmon-Herrington, iliyoanzishwa mwaka 1931 katika mji wa Indianapolis, ilijipatia sifa kwa kuyabadili malori ya Ford yasukumwe na magurudumu yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya NAPCO ya Minneapolis iliuza seti kamili za vifaa kwa pikapu za Chevrolet na GMC, na mwaka 1957 Chevrolet ilianza kuuza pikapu zilizofungwa vifaa hivyo tangu kiwandani.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa Peugeot 504, gari ambalo pikapu zake ziliunganishwa nchini Kenya kwa miaka mingi. Nchini Ufaransa, katika kijiji cha Sentheim huko Alsace, mhandisi Henry Dangel alianza mwaka 1980 kulibadili gari hilo, la familia na pikapu pia, lisukumwe na magurudumu manne.

Wote hao walikuwa na faida moja ambayo fundi wa mjini hana. Kila kifaa kilipimwa na kuchorwa kwa ajili ya aina moja ya gari. Fundi anayekusanya vyuma kutoka magari mbalimbali hana budi kuifanya kazi hiyo ya kupima yeye mwenyewe, kabla hajashika spana.

Vitu vinavyoongezwa

Vitu vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni giaboksi ndogo ya kugawa nguvu, ambayo mafundi huiita transfa. Hufungwa nyuma ya giaboksi ya kawaida, nayo hupeleka mzunguko nyuma na mbele; kwa kawaida huwa pia na gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu. Cha pili ni propela ya mbele. Cha tatu ni ekseli ya mbele yenye difu yake, ambayo magurudumu yake yaweza kukata kona huku yakisukuma.

Nyongeza hizo huleta mabadiliko mengine. Propela ya nyuma lazima ifupishwe na kusawazishwa upya, kwa sababu transfa imechukua nafasi yake. Difu ya mbele lazima ielekeane na upande ambao transfa hutolea propela ya mbele, ama kulia ama kushoto. Bakuli la oili lililo chini ya injini mara nyingi huzuia ekseli isicheze juu na chini. Toyota ilipoanza kuuza Hilux ya magurudumu manne mwaka 1979, iliipa ekseli ya mbele ya kipande kimoja juu ya springi za majani, ilhali katika Hilux ya kawaida kila gurudumu la mbele lilining'inizwa peke yake. Mtengenezaji mwenyewe alilazimika kuibadili sehemu yote ya mbele. Fundi asitarajie kuponea kwa kuongeza propela tu.

Masharti manne

Sharti la kwanza ni uwiano wa difu. Transfa ya kawaida isiyo na difu ya katikati huzifunga propela mbili pamoja zizunguke kwa mwendo mmoja, kwa hiyo difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano uleule. Tuseme difu ya nyuma ina krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10, yaani uwiano wa 4.1, na ya mbele ina meno 39 kwa 10, yaani 3.9. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 katika kilomita moja. Propela ya nyuma yadai mizunguko 2,050 na ya mbele 1,950. Tofauti ya mizunguko 100 kwa kila kilomita haina pa kwenda. Katika tope magurudumu huteleza na kuimeza. Juu ya lami hayatelezi kwa urahisi, na msokoto hujilimbikiza katika propela, misalaba na meno ya gia mpaka kimojawapo kikatike. Fundi asiamini maandishi ya nje ya difu. Aifungue na kuhesabu meno.

Sharti la pili ni matairi. Matairi mapya mbele na yaliyokwisha nyuma huleta kasoro ileile, kwa kuwa tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi. Yote manne yawe ya kipimo kimoja na yaliyochakaa kwa kadiri moja. Hata yakiwa sawa, katika kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Gari lenye urefu wa mita 2.8 baina ya ekseli, likikata kona ambayo katikati ya ekseli ya nyuma iko mita 6 kutoka kitovu cha kona, ekseli yake ya mbele hupita umbali wa mita 6.6 kutoka kitovu hicho. Ndiyo sababu dereva wa gari la namna hii huagizwa autoe msukumo wa mbele mara tu anapofika kwenye barabara kavu na ngumu.

Sharti la tatu ni viungo vya magurudumu ya mbele. Msalaba mmoja wa kawaida, ukikunjwa kwa nyuzi 30, hautoi mwendo sawa: katika kila mzunguko upande wa pili huenda mara kasi zaidi kwa asilimia 15, mara polepole kwa asilimia 13. Dereva huuhisi mtikisiko huo mikononi, na chuma huchoka. Magurudumu yanayokata kona hutaka kiungo cha mwendo sawa, kama kile cha gololi kilichobuniwa na Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Aidha, mikono ya stelingi isikatwe na kuchomelewa kwa namna yoyote. Uchomeleaji hubadili ugumu wa chuma, na mkono ukikatika gari halina tena mwelekeo.

Sharti la nne ni kimo na breki. Ili ekseli ya mbele ipate nafasi, gari huinuliwa. Gari lenye upana wa mita 1.4 baina ya matairi na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 juu ya ardhi, likiinuliwa sentimita 10, hupoteza thumuni moja ya uwezo wake wa kupinga kupinduka, yaani asilimia 12.5. Mipira ya breki lazima irefushwe isije ikakatika gurudumu linaposhuka, na breki zenyewe zitoshe uzito mpya.

Hapa pana hatari ambayo madereva wengi huisahau. Gari la kawaida lina breki katika magurudumu yote manne tangu mwanzo, kwa hiyo mabadiliko haya hayaongezi uwezo wa kusimama. Pale penye mshiko wa 0.2, gari lolote liendalo kilomita 40 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 30 kusimama. Wepesi wa kuondoka humdanganya dereva kuwa njia ni nzuri, na ukweli huutambua anapokanyaga breki.

Difu na udanganyifu wake

Difu ya kawaida hugawa msokoto sawasawa kwa magurudumu yake mawili. Gurudumu moja likiwa hewani au juu ya utelezi, lile jingine hupata msokoto mdogo uleule. Kwa hiyo gari la magurudumu manne lenye difu za kawaida huweza kukwama kwa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma kuzunguka bure. Difu yenye kufuli huondoa kasoro hiyo, na kwa wenye magari mengi kufuli la difu ya nyuma peke yake hutosha kuwavusha pale walipokuwa wakikwama.

Je, ni lazima?

Mashindano ya Safari Rally yalipita katika matope mengi ya Afrika Mashariki, na hadi mwaka 1986 washindi wake walitumia magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, na Peugeot 504 V6 mwaka 1978. Ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne ulikuja mwaka 1987, Hannu Mikkola alipoendesha Audi. Ustadi, matairi mazuri na gari imara vilitimiza mengi.

Mwenye pikapu yafaa aanze na hatua nyepesi: matairi ya meno marefu, minyororo ya matairi, koleo, na winchi ya mkono. Mifuko ya mchanga ya kilo 200 juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu yetu tupu huongeza kani kufikia kilo 136 dhidi ya kizuizi cha kilo 112. Gari lililokwama sasa laenda, ingawa kwa shida.

Gharama ya mabadiliko nayo haiishii gereji. Vyuma vilivyoongezwa vikiwa na kilo 150, pikapu ya kubeba kilo 1,000 hubaki na uwezo wa kilo 850, na tani 17 zilizobebwa kwa safari 17 sasa hutaka safari 20, pamoja na mafuta yake.

Palipo na haja ya kweli, kama vile zahanati iliyotengwa na mvua kila mwaka, njia salama ni kutumia chesesi, ekseli na transfa za gari la magurudumu manne la mtengenezaji yuleyule, ambazo vipimo vyake vimekwisha kupatana. Mara nyingine kulinunua gari hilo lote huwa rahisi kuliko kulikusanya. Mwenye gari awaulize mapema wenye mamlaka ya usajili, wakaguzi wa magari na kampuni yake ya bima.

Fundi atakayekubali kazi hii aanze kwa kuhesabu meno ya difu mbili, kupima matairi manne, na kuandika namba hizo mbele ya mwenye gari. Zisipolingana, kazi isianze.