Majani Mabichi Yaweza Kuficha Sumu

Leo tujifunze jinsi mmea unavyojikinga. Kuku akiona hatari hukimbia, lakini sukuma wiki haina miguu. Mizizi ikikutana na sumu udongoni, kama vile kadimiamu, jeni za mmea, yaani maagizo yake ya urithi, huamka. Seli hutengeneza protini ndogondogo za kuikamata sumu hiyo na kuifungia ndani yake. Mmea unaendelea kusitawi, jani linabaki kijani. Lakini sumu haijatoka. Imo ndani ya jani, nasi twaila.

Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilipima udongo karibu na dampo letu hapa Dandora, likakuta risasi, zebaki na kadimiamu. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi mno damuni.

Basi tufanyeje? Kuosha mboga huondoa vumbi tu. Tupande kwenye magunia, kwa udongo wa mbali na dampo na mboji ya maganda ya jikoni. Maji ya mtaro tusinyunyizie kamwe.

Swali la kikundi: Udongo wetu umetoka wapi?