SOMO LETU: Ua Moja kwa Mwalimu



Juzi katika mkutano wa wazazi mama mmoja alisimama akauliza swali lililofanya watu wainamishe vichwa. Darasa la mtoto wake lilikuwa limeamua kila mtoto alete mchango wa zawadi ya mwalimu. Yeye hakuwa nao. "Sasa," akasema, "wangu ndiye ataonekana hana shukrani?" Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda. Mimi nilirudi nyumbani na swali hilo, na leo nataka tulitazame kupitia historia ya Korea Kusini, maana wenzetu hao wamehangaika nalo miaka mingi.

Siku ya Walimu ya huko haikuanzishwa na waziri wala rais. Ilianzishwa na watoto. Mwaka wa 1958, wanafunzi wasichana waliokuwa katika chama cha vijana cha Msalaba Mwekundu, mji mdogo wa Ganggyeong, walianza kuwatembelea walimu wao wagonjwa na wale waliokwisha kustaafu. Basi, ni hayo tu. Hakukuwa na jukwaa wala mgeni wa heshima. Tukumbuke pia kwamba mapigano ya vita vya Korea yalisimama mwaka wa 1953, kwa hiyo nchi ilikuwa bado maskini sana. Jambo hilo likapendwa, likaenea, na mwaka wa 1965 siku ikawekwa tarehe 15 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Mfalme Sejong. Huyu ndiye aliyewapa Wakorea alfabeti yao wenyewe, Hangul, iliyotangazwa mwaka wa 1446. Kabla ya hapo waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mtu huzisomea miaka mingi, na mkulima wa kawaida alibaki nje. Kwa hivyo walimchagua mtu aliyemfungulia mnyonge mlango wa kusoma. Uchaguzi huo mimi naupenda sana.

Serikali iliifuta siku hiyo mwaka wa 1973, ikarudishwa mwaka wa 1982.

Lakini magugu nayo yaliota. Desturi ilikuwa mtoto kumbandika mwalimu ua la karnesheni kifuani. Ua likafuatwa na zawadi, zawadi ikafuatwa na bahasha. Bahasha hiyo ilikuwa hata na jina, chonji, yaani kijishukrani kidogo tu. (Sisi tungesema "chai", na tungeelewana.) Mzazi aliitoa akitumaini mtoto wake atatazamwa kwa jicho jema, na asiyetoa akabaki na wasiwasi. Ikafika mahali shule nyingine zikawa zinafunga tarehe 15 Mei ili kuepuka aibu. Hebu fikiria: siku ya mwalimu, na mwalimu hayuko!

Tarehe 28 Septemba 2016 ilianza kutumika sheria kali dhidi ya hongo, inayowahusu watumishi wa umma pamoja na walimu, hata wa shule za binafsi. Mwalimu ambaye bado anamfundisha mtoto na kumpa alama haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwake, hata kiwe kidogo namna gani. Ua lile linaweza kutolewa na mwakilishi wa wanafunzi, hadharani, kwa niaba ya wote. Barua aliyoiandika mtoto kwa mkono wake haina shida. Wengi walilalamika kwamba sheria imepita kiasi. Mimi pia kwanza nilicheka, kisha nikamkumbuka yule mama. Chini ya sheria hiyo mtoto wake angekuwa sawa na wengine wote.

Sisi huadhimisha Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, iliyoanza mwaka wa 1994. Nayo haikutokana na zawadi. Inakumbuka mapendekezo yaliyopitishwa tarehe hiyo mwaka wa 1966 na wajumbe wa nchi mbalimbali, chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, kuhusu mafunzo ya walimu, mishahara yao na haki zao kazini.

Mkikutana kikundini, jadilini haya. Je, shuleni kwenu mchango wa zawadi huamuliwa na nani, na asiyeweza hufanyiwa nini? Mwalimu wenu mstaafu aliye karibu, au aliye mgonjwa, anakaa wapi, na nani atakwenda kumwona kabla ya mkutano ujao?