Kisu cha Kukunja cha Bei Nafuu: Kagua Kiungo Kabla ya Makali

Mnunuzi akipewa kisu cha kukunja mkononi, jambo la kwanza analofanya ni kupitisha kidole gumba kwenye makali. Desturi hiyo ni ya zamani, ila haimwambii lile analohitaji kulijua. Makali hupatikana kwa dakika chache juu ya kinoo, lakini kiungo kilicholegea hakinoleki. Katika visu vya bei ndogo vinavyouzwa vibandani na kando ya barabara, gharama hubanwa mahali ambapo jicho halifiki upesi, yaani kwenye pini inayoshikilia bapa na kwenye komeo linalozuia bapa lisijifunge. Komeo likishindwa wakati wa kazi, bapa hurudi juu ya vidole vilivyoushika mpini, na jeraha la namna hiyo huweza kukata kano zinazokunja vidole.

Hatusemi kwamba kila kisu cha bei nafuu ni hafifu. Kisu cha Opinel kutoka Savoie, Ufaransa, kimetengenezwa tangu mwaka 1890 kikiwa na mpini wa mti, bapa moja na pini. Mwaka 1955 kiliongezewa pete ya chuma inayozungushwa kwa mkono ili kulifunga bapa. Hadi leo kinahesabiwa miongoni mwa visu vya gharama ya chini katika soko lake. Unafuu wake unatokana na uchache wa sehemu zake. Kinyume chake, kisu chenye tochi, filimbi na kifungua chupa kinachouzwa kwa bei ya sahani ya wali kimegawanya fedha ile ile kwa vitu vinne, na bapa limepata fungu lake dogo.

Ukaguzi uanze kisu kikiwa kimefungwa. Tazama kama bapa limelala katikati ya mpini au limeegemea ubavu mmoja hata kuukwaruza. Lifungue polepole. Likwamekwame au liteleze bila kizuizi chochote, yote mawili ni dalili mbaya. Kisha, kwa vidole viwili, jaribu kulisukuma bapa kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo usiosikika unaweza kuvumilika ikiwa pini ni skrubu inayokazika. Kama ni ribiti iliyogongwa, mtikisiko huo utaongezeka tu, wala hakuna fundi atakayeuondoa kwa gharama inayolingana na thamani ya kisu.

Komeo lastahili subira zaidi. Visu vingi vya aina hii vina kibati chembamba ndani ya mpini kinachoruka na kukaa nyuma ya kisigino cha bapa. Chungulia pale vinapogusana. Kibati kikishika kwa pembe tu, au kikiwa tayari kimevuka mpaka upande wa pili kisu kingali kipya, kisu hicho kirudishwe mezani. Ili kulijaribu, weka mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza, makali yakitazama juu, ukandamize mpini kwa upole. Wakati wa kufanya hivyo ushike mpini kwa ubavu, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, pasiwepo kidole kinachopita juu ya ufa ambamo bapa huingia. Komeo likiachia kwa nguvu ndogo kiasi hicho, halitahimili kamba ngumu.

Vipo pia visu visivyo na komeo kabisa, ambavyo bapa lake hushikiliwa na springi ya mgongoni peke yake. Hivi havina udanganyifu: mtumiaji anajua kwamba bapa litajifunga likisukumwa, naye hukata kwa kuvuta, hachomi. Kwa kumenya machungwa na kukata uzi vinatosha. Kati ya kisu kisicho na komeo na kisu chenye komeo la kubahatisha, sisi tungechagua cha kwanza.

Kuhusu chuma, wapo wanaoamini kwamba sumaku ikinasa, basi bapa si la chuma kisichoshika kutu. Kipimo hicho wamekichukua kutoka kwenye masufuria, na kwenye visu kinapotosha. Chuma kinachozuia kutu na kukubali kukazwa kwa moto ili kibebe makali hunaswa na sumaku. Yenye manufaa zaidi ni maandishi ya daraja, kama yapo na kama ni ya kweli: 3Cr13 huwa na kaboni ya takribani asilimia 0.3, ni laini, hunoleka upesi na kuisha makali upesi. 8Cr13MoV ina takribani asilimia 0.8 na hudumu zaidi. Bapa lililoandikwa tu kwamba ni la chuma kisichoshika kutu limekueleza machache mno. Hata hilo hupata madoa likiachwa na maji ya ndimu au ya chumvi.

Sheria nayo inamtaka mnunuzi awe macho. Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huchukulia kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo yake kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ina ubora unaofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyeikagua hawezi kutegemea kinga hiyo kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo bapa linalotikisika likataliwe pale pale dukani. Komeo lililoanza kuteleza baada ya siku chache za matumizi ya kawaida ni jambo jingine, na hapo risiti ndiyo shahidi wako, iwe mbele ya muuzaji au mbele ya Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji. Anayenunua kwa mchuuzi apitaye bila risiti alihesabu hilo ndani ya bei.

Baada ya kununua, adui mkubwa ni mchanga. Ukijaa kwenye kitako cha komeo, kibati hakiketi mahali pake, na kisu kizuri hugeuka cha hatari. Kisafishe kwa mswaki wa zamani, kikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Kisu ambacho komeo lake limeanza kuachia kisipewe mtoto wala kuuzwa tena. Likunje bapa, uzungushe gundi ya karatasi nene kulizunguka lote ndipo ukitupe, kwa kuwa wapo wanaochambua taka kwa mikono mitupu.